Kabla ya kununua nyumba za kupangisha Kampala, uliza ardhi ni ya nani

WAFANYABIASHARA wanaoingia Kampala kutokea Busia, Malaba na Mutukula wana maswali mawili. La kwanza ni bei ya dola. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini baada ya chai, ni hili: wapi panauzwa mizigo?

Kwa msomaji wa Kiswahili aliyefika jana, mizigo hapa si magunia. Muzigo, kwa Kiganda, ni chumba kimoja cha kupangisha, na mizigo ni safu ya vyumba hivyo, sita, nane au kumi na viwili, chini ya paa moja la mabati, choo na bafu vikiwa uani. Sisi tuliolelewa ng'ambo ya mpaka tulikuwa tukiziita ploti. Ndimo wanamolala wakazi wengi wa mji huu: mwendesha boda boda, muuguzi, mshona nguo wa Kikuubo, mwalimu wa shule ya binafsi. Ndiyo pia mali ambayo mtu aliyerudi na akiba yake, au mwenye duka la vitenge pale Arua Park, huitamani kabla ya nyingine zote, kwa sababu inaonekana kulipa kila mwezi bila mwenyewe kusimama juani.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma ukimbizini nchini Kenya, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, na niliporudi nilikuwa na Kiswahili cha mtihani na Kiganda cha kuombea maji. Nina vyumba sita upande wa Kyaliwajjala, nilivyovijenga viwili viwili kwa muda wa miaka saba. Ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho au nimeyasoma katika sheria, na lengo langu ni moja: kumwonyesha mwenzangu anayerudi kwamba nyumba ya kupangisha, hapa Kampala, ni biashara ya karatasi kabla haijawa biashara ya matofali.

Bei ya Kiswahili

Dalali wa Kampala, au broka kama anavyoitwa hapa, ana masikio mepesi. Ukimsalimia kwa Kiswahili anajua papo hapo kwamba hukukulia mtaa huu na kwamba humjui mwenye ardhi. Bei hupanda kabla hujakaa. Ni kweli kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini habari hiyo haijawafikia madalali wa Najjera.

Hata hivyo, anayekutoza bei ya mgeni si hatari sana. Unaweza kumtuma mtu wa hapa akaulizie bei kwa niaba yako, yakaisha. Wa kuogopwa ni yule anayekujibu kwa Kiswahili chako mwenyewe: “Ndugu yangu, hata mimi nilikuwa Eldoret.” Ukimbizini tuliishi kwa neno. Hatukuwa na hati za kuweka rehani wala mdhamini. Mtu alikukopesha kwa sababu alimjua shangazi yako, na ulimlipa kwa sababu ungemkuta kanisani au msikitini juma lifuatalo. Tabia hiyo ilitulisha miaka mingi. Katika mambo ya ardhi ya Buganda, ndiyo inayotumaliza.

Mwalimu mwenzangu, mama wa watoto watatu, alinunua vyumba vinane upande wa Kira mwaka 2016. Muuzaji alikuwa mtu waliyesali naye pamoja walipokuwa wakimbizi. Waliandikiana makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC 1, picha zikabandikwa, muhuri ukapigwa, soda zikanywewa. Kwa miezi kumi na minne alikusanya pango bila tatizo. Mwezi wa kumi na tano akaja kijana mmoja mpole, mkononi ana hati miliki ya mailo yenye jina la babu yake marehemu, na barua ya mahakama inayompa mamlaka ya kusimamia mirathi. Kijana hakuwa tapeli. Muuzaji naye, kwa namna yake, hakuwa amesema uongo: vyumba vilikuwa vyake kweli. Ardhi ndiyo haikuwa yake, na aliuza bila kumwambia mwenyewe. Mwenzangu alilipa mara ya pili, kwa awamu, miaka mitatu, na mtoto wake wa kwanza akakaa nyumbani mwaka mzima badala ya kwenda chuo.

Mali mbili juu ya kiwanja kimoja

Ili kuelewa kilichompata, inabidi turudi nyuma kidogo. Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, wa kudumu ambao hapa huitwa frihodi, wa mailo, na wa kukodishwa kwa miaka maalumu, yaani lizi. Kampala na wilaya ya Wakiso inayoizunguka zimo ndani ya Buganda, na huko utakutana na mailo mara nyingi kuliko aina nyingine.

Mailo ilizaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, ambao uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa Kabaka, machifu na wakubwa wengine. Wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo hawakwenda popote. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 ikaweka kikomo cha kile ambacho mwenye ardhi angeweza kuwatoza, na ikawakinga wasifukuzwe ovyo. Mwaka 1975 Idi Amin akatangaza kwa amri kwamba ardhi yote ni ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha mikononi mwa wananchi, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikawapa wakaaji ulinzi upya. Matokeo yake ni kwamba kiwanja kimoja kina mali mbili. Mmoja ana hati miliki, mwingine ana kibanja, na wote wawili wana haki mbele ya hakimu.

Sisemi kibanja kisinunuliwe. Mizigo mingi ya mji huu imesimama juu ya kibanja, na watu wanakula na kusomesha. Ninachosema ni kwamba ukinunua kibanja unanunua haki ya kukaa juu ya ardhi ya mtu, na mtu huyo lazima akujue. Tangu marekebisho ya 2010 ya Sheria ya Ardhi, mwenye kibanja anayetaka kuuza ni lazima ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Akiuza kwa kificho anatenda kosa la jinai, na haki yenyewe inaweza kupotea. Mwenye hati naye akitaka kuuza, ni lazima aanze na aliye juu ya ardhi.

Kwa desturi ya Buganda, mnunuzi mpya hupelekwa kwa mwenye ardhi na kutoa kanzu. Usiende dukani kutafuta vazi. Zamani ilikuwa kanzu kweli. Siku hizi ni fedha, na mara nyingi huhesabiwa kwa kufuata bei ya kibanja. Wageni wengi hulalamika kwamba ni hongo. Mimi naiona kuwa ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa sharti kwamba utoke pale na barua ya mwenye ardhi ya kukutambua, na baada ya hapo ulipe busuulu, ile ada ndogo ya mwaka, na upewe stakabadhi yenye jina lako. Stakabadhi hiyo itunze pamoja na vyeti vya watoto. Asilimia wanayoomba wenyeviti wengine wa LC 1 kwa ajili ya muhuri ni jambo tofauti. Hiyo ni desturi ya ofisi zao, si sheria.

Kwa wale wenye pasipoti ya nchi jirani, kuna ukuta mwingine. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala frihodi. Anaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Mfanyabiashara wa Kenya anayeambiwa na dalali kwamba “tutaandika jina la mke wa rafiki yako” anamnunulia mke wa rafiki yake nyumba. Uganda inaruhusu uraia pacha tangu sheria ya 2009, na Kenya tangu Katiba yake ya 2010, kwa hiyo aliyezaliwa na wazazi wa hapa na kuchukua uraia wa Kenya anaweza kunyoosha mambo yake Idara ya Uhamiaji kabla ya kutafuta nyumba. Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Waliotoka huko wachague kwanza.

Na lizi isomwe miaka yake. Ya mjini mara nyingi huanza na miaka mitano ya majaribio, kisha huongezwa hadi 49 au 99 mwenyewe akishajenga. Nimeonyeshwa nyumba nzuri sana Makindye iliyobakiwa na miezi saba.

Kama unadhani majengo ya muda mrefu yana kinga, kumbuka Kanisa la Mtakatifu Petro la Ndeeba. Lilikuwa limesimama pale miongo kadhaa, waumini wamebatizwa na kuozwa humo. Agosti 2020 lilibomolewa usiku kutokana na mgogoro wa umiliki wa ardhi. Kama tingatinga linaweza kuingia madhabahuni, halitasita mbele ya vyumba vyako vinane. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, iliondoa watu na kubomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, na miaka kumi kabla ya hapo waliokuwa wamejenga kwenye hifadhi ya reli Namuwongo waliondolewa pia. Katikati ya mji kuna majengo ya Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972, yaliyowekwa chini ya bodi ya serikali na baadaye kudaiwa na wenyewe kwa mujibu wa sheria ya 1982. Baadhi yake yanagombaniwa hadi leo. Bei yake ikiwa ya kushangaza, sababu ndiyo hiyo.

Waulize wapangaji

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua nakala ya hati, andika namba ya bloku na kiwanja, na uende mwenyewe, au na wakili wako, kufanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi. Wakili awe wako. Wa muuzaji anamfanyia kazi muuzaji hata akikununulia chakula. Kumbuka kwamba Kira, Nansana na Ndejje, ingawa watu husema “niko Kampala”, ziko Wakiso, na kumbukumbu zake ziko ofisi ya Wakiso. Ada ya upekuzi ni ndogo kuliko nauli ya basi kwenda Busia. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama benki imeishika hati hiyo kwa deni, na kama kuna mtu ameweka zuio. Kama jina ni la marehemu, usilipe hata senti hadi uone barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, na uongee na warithi zaidi ya mmoja, tena kwa nyakati tofauti.

Baada ya hapo mlete mpima ardhi aliyesajiliwa, ahakikishe kwamba kiwanja kilicho kwenye hati ndicho hicho mnachokanyaga. Wapo watu waliouziwa hati halali ya kiwanja cha ng'ambo ya barabara.

Yote hayo mawakili watakwambia. Wasilokwambia ni kuwauliza wapangaji. Nenda Jumapili jioni, wakati watu wanafua na kupika nje, bila dalali. Sema unatafuta chumba. Uliza: pango mnamlipa nani? Alianza lini kulikusanya? Amewahi kuja mtu mwingine kudai? Mpangaji wa mizigo anajua historia ya kiwanja kuliko msajili wa hati, maana ndiye anayeamshwa wenye nyumba wanapogombana. Uliza pia vyumba vingapi viko wazi na kwa nini. Muuzaji aliyekwambia kwamba vyote nane vimejaa kwa 200,000, utakuta viwili vimefungwa na vitatu vinalipa 130,000. Kisha rudi siku ya mvua kubwa. Huko Bwaise na bondeni kwa jumla, maji yatakupa jibu ambalo hakuna atakayekupa kwa mdomo.

Kama muuzaji ana mume au mke, na familia inaishi pale au inapata riziki yake pale, sheria inataka mwenzi wake akubali. Mtake atie sahihi akiwa mbele yako. Malipo yapite benki, kwa awamu, na sehemu kubwa ibaki hadi fomu ya kuhamisha hati iwe imetiwa sahihi na picha zipo. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani inapangwa na mthamini wa serikali, si ninyi wawili. Wanaoandika bei ya uongo ili kupunguza ushuru hujuta wakienda mahakamani kudai fedha zao.

Hesabu ya mkopo

Hapa ndipo nitakapowaudhi rafiki zangu wa benki. Chukua mfano wa mizigo minane inayouzwa shilingi milioni 150. Una milioni 50, unakopa milioni 100 kwa riba ya asilimia 18 kwa miaka 15. Kila mwezi utairudishia benki shilingi milioni 1.61. Vyumba vinane, kila kimoja kikilipa 200,000 na vyote vikiwa vimejaa, vinaleta milioni 1.6. Yaani kabla hujanunua hata kitasa, umeshapungukiwa. Ongeza kodi ya serikali, chumba kinachokaa wazi miezi miwili, shimo la choo linalojaa, na mpangaji aliyehama usiku. Tofauti itatoka kwenye mshahara wako au kwenye duka lako. Hadi mwisho wa miaka 15 utakuwa umeilipa benki karibu milioni 290.

Benki nyingine zitakukopesha kwa dola kwa riba ya chini. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,800. Mwaka 2015 ilivuka 3,500. Aliyekopa dola huku wapangaji wake wakilipa shilingi aliona deni likikua bila yeye kuligusa.

Ukishindwa kulipa, Sheria ya Rehani ya 2009 inakupa muda: taarifa ya siku 45 za kazi ya kurekebisha deni, kisha taarifa ya siku 21 za kazi kabla ya mnada. Ukitaka mahakama isimamishe mnada, kanuni za 2012 zinaweza kukutaka kwanza uweke asilimia 30 ya bei ya mnada au ya deni. Mtu aliyeshindwa kulipa milioni moja na nusu atazitoa wapi hizo?

Mkopeshaji binafsi ni mbaya zaidi. Kibanja benki nyingi hazikipokei, kwa hiyo wenye kibanja hukimbilia huko. Tangu 2016 wakopeshaji wana sheria na mamlaka ya kuwasimamia, lakini mtego wa zamani ungalipo: unakopa milioni kumi na unapewa karatasi utie sahihi, nayo si karatasi ya mkopo bali ni makubaliano ya mauzo ya nyumba yako. Soma kichwa cha karatasi. Kama kimeandikwa “mauzo”, rudisha fedha, panda boda boda, nenda zako.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani nina neno la pekee. Mtaji wako unazunguka. Mzigo wa mitumba au wa maharage unaoingia na kutoka mara mbili kwa mwezi unakupa faida mara 24 kwa mwaka. Ukiuzika katika matofali, hauzunguki tena, na msimu mzuri ukija utakuta mwenzako ndiye mwenye fedha taslimu. Nunua kwa faida, usinunue kwa mtaji.

Na kwa wote: milioni 150 zinazoleta milioni 19.2 kwa mwaka ni karibu asilimia 13, tena kabla ya gharama zozote. Hati fungani za serikali za miaka kumi zimelipa kiasi hicho au zaidi kwa sehemu kubwa ya muongo uliopita, mtu anaweza kuanza na shilingi 100,000 kupitia benki yake, na hati fungani haizibi choo. Nyumba ina faida yake, thamani ya ardhi hupanda na watoto huirithi, lakini asikwambie mtu kwamba ndiyo njia pekee ya kutunza akiba.

Njia ninayoiona inafaa kwa mtu wa kipato cha kawaida ni ya polepole: kiwanja kwanza, karatasi zikikamilika vyumba viwili, pango la hivyo viwili na mkopo mdogo wa SACCO vijenge viwili vingine. Mwaka 2022 walimu wa sayansi wenye shahada walipandishiwa mshahara hadi milioni 4. Sisi wa lugha tulibaki tukihesabu matofali moja moja. Lakini sina barua ya benki mlangoni.

Kuishi na wapangaji

Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 ilibadilisha mambo mengi ambayo wenye nyumba walizoea. Upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unatakiwa uwe na mkataba wa maandishi. Pango halipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba huruhusiwi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Ile tabia ya kung'oa mlango au kuezua mabati ili mtu atoke yenyewe ni kosa, na siku hizi wapangaji wanalijua hilo kuliko wenye nyumba.

Mimi huandika mkataba hata kwa chumba cha 150,000, ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa mpangaji. Naandika namba ya kitambulisho chake, jina la ndugu wa kupigiwa simu, hali ya chumba siku ya kuingia, na dhamana ya mwezi mmoja. Pango linaingia kwa simu au benki, kamwe si mkononi mwa mwangalizi wa nyumba. Si kwamba mwangalizi ni mwizi. Ni kwamba fedha taslimu hugeuka kuwa mikopo midogo midogo kabla hazijafika kwako.

Umeme weka mita ya Yaka kwa kila chumba kama unaweza. Kampuni ya Umeme ilimaliza mkataba wake Machi 31, 2025 na UEDCL ikachukua usambazaji, lakini ugomvi wa mita moja kwa familia nane haukuondoka na Umeme. Maji ndiyo magumu zaidi. Bili ya NWSC huja moja, na mwenye watoto watano hulipa sawa na kapera. Mita ndogo ya ndani kwa kila mlango hugharimu fedha kidogo na huokoa urafiki mwingi. Na uwe na namba ya gari la kunyonya choo kabla shimo halijajaa, si baada.

Kuhusu wasiolipa, nitasema nililoliona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wa shule za binafsi walikaa karibu miaka miwili bila mshahara, na wengi wao walikuwa wapangaji wa mizigo. Jirani yangu, mama wa Kiganda mwenye vyumba kumi, aliwaita wote akaandika madeni kwenye daftari, kila mmoja akatia sahihi: atakayehama, atahama na deni, atakayebaki, atalipa nusu pindi apatapo kibarua. Jirani wa upande wa pili alifungia watu makufuli. Shule zilipofunguliwa, yule mama alikuwa na wapangaji wanane kati ya kumi, na sita wamemaliza deni. Mwenye makufuli alikuwa na vyumba vitupu na kesi LC 2.

Mambo ya kodi

Watu hulipita hili wakidhani mizigo haionekani. Inaonekana. Mtu binafsi hutozwa na URA asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama yoyote. Kwa vyumba vyetu vinane vya mfano, vinavyoleta milioni 19.2, kodi ni shilingi 1,965,600 kwa mwaka, hata kama ulibadilisha paa zima. Ndani ya Kampala, KCCA nayo hutoza kodi ya majengo ya asilimia 6 ya thamani ya pango iliyokadiriwa na wathamini wake. Nyumba unayoishi mwenyewe imesamehewa, ya kupangisha haikusamehewa. Kira na Nansana wana manispaa zao na wathamini wao.

Jisajili, upate namba ya mlipakodi, na ulipe kwa robo: mwisho wa Septemba, Desemba, Machi na Juni. Weka stakabadhi hizo katika bahasha moja na ile ya busuulu. Siku utakapotaka kuuza, mnunuzi mwenye akili ataiomba bahasha hiyo kabla hajaomba kuona vyumba.